Nimechoka kuitwa Shujaa: jibu kwa mkimbiaji wa miaka 19

"Habari Daktari. Nina miaka 19 na niko kambini Iten tangu nikiwa na miaka 15. Nakimbia mita 1,500 na 3,000. Mwaka juzi nilirudi na medali ya vijana kutoka ng'ambo, na tangu siku hiyo nyumbani hakuna anayeniita kwa jina langu, naitwa Shujaa. Nimemjengea mama nyumba na ninawalipia wadogo wangu wawili karo. Lakini nimechoka. Nataka kurudi kusoma, nisuke nywele bila kufikiria jasho, niende harusi ya binamu yangu nikae mpaka usiku. Najiona kama yule msichana wa filamu mwenye nguvu za ajabu, anayetaka kutoka kwenye kundi lake aishi kama watu wengine, na kundi linamwambia bila wewe watu wataangamia. Kocha anasema kipaji kikiachwa mwaka mmoja hakirudi. Nilisaini na meneja nikiwa na miaka 16 na bado miaka miwili. Wasichana ninaokimbia nao watasema nimewasaliti. Pia hedhi haijaja kwa miezi saba, lakini kocha anasema hiyo ni dalili kwamba niko fiti. Nikiacha ni dhambi? Na nianzie wapi?"

Binti yangu, barua yako nimeisoma mara kadhaa, na kila mara nimekwama pale karibu na mwisho, kwenye jambo uliloliandika kama dogo: miezi saba bila hedhi. Umeniuliza kuhusu dhambi, mkataba na marafiki, na yote nitayafikia. Niruhusu nianze na hiyo miezi saba, kwa sababu nadhani inabeba sehemu kubwa ya uchovu unaousema.

Kukosa hedhi si dalili ya kuwa fiti. Najua maneno hayo yamezunguka kambini miaka mingi, yakitoka kwa kocha kwenda kwa mkimbiaji mkubwa hadi kwa mdogo, mpaka msichana anayepata hedhi yake vizuri anaona haya kana kwamba hajafanya mazoezi ya kutosha. Kinachotokea ni hiki. Chakula unachokula kinalipia kwanza mazoezi, na kinachobaki ndicho kinacholipia mifupa, kinga, usingizi, akili na uzazi. Kinachobaki kikiwa kidogo mno kwa muda mrefu, ubongo huanza kubana matumizi, na uzazi ni kati ya vitu vinavyobanwa mapema, kwa kuwa mtu anaweza kuishi bila kushika mimba mwaka huu. Ishara kutoka ubongoni kwenda kwenye ovari hufifia, homoni ya estrojeni hushuka, hedhi inakatika. Tatizo ni kwamba estrojeni hiyo hiyo ndiyo inayolinda mifupa yako, na wewe bado uko kwenye miaka ya kuweka akiba ya mifupa utakayoitumia hadi uzee. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliipa hali hii jina rasmi mwaka 2014, ikaipitia upya mwaka 2023, na madhara inayoyataja hayaishii kwenye mifupa. Kuna kutopona baada ya mazoezi, kulala vibaya, hasira za haraka, huzuni, na kukosa hamu ya kitu ulichokuwa ukikipenda.

Fikiria asubuhi ya kambi kama ninazozijua mimi. Mnatoka saa kumi na mbili mkiwa na tumbo tupu, mnakimbia kilomita 15 au 18 kwenye vumbi jekundu, mnarudi, mnakunywa kikombe cha chai ya maziwa na slesi mbili za mkate, mnaoga, mnalala. Ugali na sukuma wiki vinakuja saa saba mchana. Kuanzia chajio cha jana mpaka hapo, mwili umekuwa ukikopa. Chakula chenyewe ni kizuri, ila kinakuja kimechelewa na hakitoshi. Nimewahi kumhudumia msichana aliyenihakikishia kuwa amechoka na riadha kabisa. Daktari wake alimpunguzia mazoezi, akaanza kula mayai na viazi vitamu mara tu anapotoka barabarani, na uji kabla ya kulala. Hedhi ilirudi baada ya miezi kadhaa. Bado aliondoka kambini, lakini aliondoka akiwa amelala usingizi, na alijua anachokiacha.

Ndiyo maana nakuomba usiamue jambo lolote kubwa kabla hujapimwa. Hapo ulipo, Eldoret si mbali, na hospitali ya rufaa ya Moi ina kliniki ya magonjwa ya wanawake. Watakupima mimba kwanza. Usikasirike, ndiyo taratibu kwa kila mwanamke aliyekosa hedhi. Kisha homoni, tezi ya koo, na akiba ya madini ya chuma, ambayo kwa wakimbiaji wa kike hupungua mara nyingi na huleta uchovu unaofanana kabisa na kukata tamaa. Jihadhari na jambo moja: ukipewa vidonge vya kupanga uzazi ili tu damu itoke kila mwezi, damu itatoka, lakini njaa ya mwili itakuwa imefunikwa tu na mifupa haitakuwa imepata dawa yake. Muulize daktari waziwazi kama anatibu chanzo.

Sasa tuje kwenye uchovu wenyewe. Ukisema "nimechoka", nasikia mambo matatu yaliyofungwa kwenye kanga moja. Kuna mwili wenye njaa, na huo tumeuzungumzia. Kuna kambi: kulala wanne chumba kimoja, simu kuchukuliwa, kuomba ruhusa kwenda harusi, mtu mwingine kuamua utakula nini na utalala saa ngapi. Na kuna mbio zenyewe. Hivi vitatu ni tofauti, na dawa zake ni tofauti. Jaribu kujiuliza hivi: kama ungekuwa unaishi kwa mama, unasoma, una simu yako, na jioni unaweza kutoka kukimbia nusu saa bila saa ya mkononi na bila mtu kukungoja, ungetoka? Usinijibu mimi wala mtu mwingine, na usijibu wiki hii. Wengine wanagundua wangetoka tena kwa furaha. Wengine wanagundua hata viatu hawataki kuviona. Majibu yote mawili ni halali.

Kuhusu kipaji kuondoka. Kocha wako ana ukweli kidogo na hofu nyingi. Ni kweli ukisimama, mwili unaanza kushusha. Kiasi cha maji ya damu hupungua ndani ya wiki mbili za kwanza, na uwezo wa kutumia oksijeni hushuka asilimia chache katika wiki zinazofuata. Ungeshiriki ile fartlek ya Alhamisi, mazoezi ya kubadilisha kasi, baada ya mapumziko ya miezi miwili, ungeachwa na watu uliozoea kuwaacha, na ungeumia moyoni. Lakini miaka minne ya kukimbia kwenye mwinuko wa mita 2,400 haifutiki kama chaki. Moyo, kano na namna mguu wako ulivyojifunza kugusa ardhi havirudi sifuri. Vivian Cheruiyot alikaa nje kwa ajili ya kujifungua, akarudi akawa bingwa wa dunia wa mita 10,000 mwaka 2015 Beijing, na mwaka uliofuata akachukua dhahabu ya Olimpiki ya mita 5,000 Rio. Faith Kipyegon alijifungua mwaka 2018, kisha akashinda dhahabu ya Olimpiki ya mita 1,500 Tokyo na tena Paris. Hiyo ni mbio yako wewe. Simone Biles, mwanasarakasi wa Marekani, alijitoa katikati ya fainali ya timu Tokyo kwa sababu akili yake haikuwa salama hewani. Wapo waliomwita msaliti. Alikaa nje miaka miwili, akarudi akashinda dhahabu tatu Paris mwaka 2024.

Sitaki nikupe upande mmoja tu. Pamela Jelimo alikuwa na miaka 18 aliposhinda dhahabu ya mita 800 Beijing mwaka 2008, mwanamke wa kwanza wa Kenya kupata dhahabu ya Olimpiki, na mwaka huo huo akabeba donge la dola milioni moja la mfululizo wa mashindano ya Golden League. Msimu uliofuata kasi ile haikuwepo. Alikuja kuwa bingwa wa dunia wa ndani mwaka 2012, lakini muda wa ule mwaka wa miaka 18 hakuufikia tena. Na hakuwa ameacha. Aliendelea. Kwa hiyo kubaki nako si bima ya kipaji. Anayekuambia kwamba ukibaki utaendelea kushinda anakuahidi kitu ambacho hana.

Umeuliza kama ni dhambi. Mimi si mchungaji, lakini nitakujibu ninavyoamini: hapana. Umejilinganisha na yule msichana wa filamu, na umelinganisha vizuri kuliko unavyodhani. Katika hadithi hizo kundi humwambia dunia itaangamia. Kambini hawataji dunia, wanataja karo, wanataja mama, wanataja bendera. Msichana wa miaka 19 anajikuta amebeba watu ambao hakuna aliyemuuliza kama anaweza kuwabeba. Ukishaitwa Shujaa na kila mtu kuanzia duka la kona hadi kanisani, jina lako la kuzaliwa linabaki bila mtu wa kulitumia, hata wewe mwenyewe. Ndiyo maana wazo la kuacha linakutisha kama wazo la kufa. Kwa wanariadha walioanza wakiwa watoto hili hutokea sana: hawakupata nafasi ya kujaribu kuwa kitu kingine, basi kikiondoka hiki wanaona hakuna kinachobaki. Anza sasa, hata kabla hujaondoka, kumwomba mtu mmoja unayemwamini akuite jina lako. Najua linaonekana jambo dogo. Lifanye.

Wasichana unaokimbia nao, baadhi watanuna. Mkikimbia pamoja, mmoja anatangulia kukata upepo na wengine wanajificha nyuma, na akitoka anayetangulia, kundi linaumia kweli. Usilikane hilo. Waambie wewe mwenyewe, ana kwa ana, kabla hawajasikia kwa meneja. Mara nyingi anayenuna zaidi ni yule aliyewahi kutamani kuondoka na hakuthubutu.

Mkataba sasa, na hapa naomba usome polepole. Ulisaini ukiwa na miaka 16. Kisheria Kenya mtu anakuwa mzima akifika miaka 18, na mkataba uliosainiwa na mtoto ni jambo la kumpelekea wakili, si la kuamuliwa kwa maneno ya meneja. Nani alisaini kwa niaba yako? Una nakala? Kama huna, iombe kwa ujumbe wa maandishi, kwa adabu, na utunze ujumbe huo. Ndani yake tafuta muda, asilimia anayokata, na kipengele cha kuvunja mkataba kwa sababu za afya. Usisaini karatasi mpya ya "kurekebisha" kabla wakili hajaiona. Kukiwa na mgogoro, Kenya ina Baraza la Kutatua Mizozo ya Michezo, lililoundwa kwa Sheria ya Michezo ya mwaka 2013.

Kuna mlango mwingine ambao wasichana wengi huusahau, na unawagharimu. Kama uko kwenye orodha ya wanariadha wanaopimwa dawa zilizokatazwa michezoni nje ya mashindano, ni lazima uendelee kujaza taarifa za mahali ulipo hata ukiwa shambani kwa mama unachuma majani chai. Kukosa mara tatu ndani ya miezi 12, iwe ni kutopatikana au kutojaza, ni kosa la dawa hata kama hujawahi kumeza kitu, na adhabu yake ya kawaida ni miaka miwili. Ukiondoka kimya kimya kambini ukabadilisha simu, wanaokupima watabisha hodi kwenye kitanda kitupu. Kwa hiyo chagua moja. Ukipumzika tu, endelea kujaza. Ukistaafu, andika barua rasmi kwa shirika la kupambana na dawa, ADAK, au kitengo cha uadilifu cha riadha duniani kama ndicho kilichokuorodhesha, na uwaarifu chama cha riadha nchini, Athletics Kenya. Kustaafu si kaburi, unaweza kurudi, lakini utatakiwa kutoa taarifa ya maandishi na kuwa tayari kupimwa miezi sita kabla ya kushindana tena. Binti aliyetoka kwa barua anaweza kurudi akifuata utaratibu huo. Aliyetoka kwa kutoroka anaweza kurudi akakuta amefungiwa.

Kuhusu fedha sitakudanganya kwamba hazitapungua. Zitapungua. Kaa na mama, si kwa simu, na muandike kwenye karatasi: karo ya wadogo hadi lini, kiasi gani kipo benki, jina la nani liko kwenye hati ya kiwanja na kwenye akaunti. Hilo la mwisho ulijue kabla ya kumwambia mtu yeyote wa kambini kwamba unaondoka. Nimeona wasichana waliogundua siku ya kuondoka kwamba nyumba waliyoijenga kwa miguu yao ina jina la mtu mwingine.

Njia zilizo mbele yako ni zaidi ya kubaki au kuacha. Kuna mapumziko ya miezi mitatu yenye barua ya daktari, ambayo kocha mwenye akili hawezi kuyakataa kwa msichana mwenye hali kama yako. Mimi ningeanzia hapo, kwa sababu hayafungi mlango wowote. Kuna kuhama kambi na kusoma huku ukikimbia. Sally Kipyego alisomea uuguzi Texas Tech akishinda mataji ya vyuo vya Marekani, na bado akapata medali ya fedha ya mita 10,000 Olimpiki ya London mwaka 2012. Njia hiyo ina sharti: vyuo vya Marekani vina sheria kuhusu zawadi na mikataba uliyokuwa nayo kabla, na hubadilika, kwa hiyo muulize afisa wa chuo chenyewe kabla hujamlipa wakala hata shilingi. Kuna kuajiriwa polisi, magereza au jeshini, ambako wanariadha wengi wa Kenya hupata mshahara wa kudumu, ingawa kwako, unayekimbia amri, huenda ikawa kuhama kundi moja kuingia jingine. Na kuna kuacha kabisa. Ashleigh Barty wa Australia aliacha tenisi akiwa na miaka 18, akaenda kucheza kriketi, akarudi, akashinda Wimbledon mwaka 2021 na mashindano ya nyumbani kwao mwaka uliofuata, kisha akaacha moja kwa moja akiwa na miaka 25 na namba moja duniani. Mara zote mbili aliamua mwenyewe.

Ukisimama, usisimame kama gari lililogonga mti. Punguza wiki kwa wiki. Wiki za kwanza zitakuwa ngumu kuliko unavyotarajia, na nakuambia mapema ili usidhani umekosea. Nilimtembelea mkimbiaji mmoja mwezi mmoja baada ya kuondoka kambini. Aliniambia kila alfajiri anaamka kabla ya jogoo, anakaa ukingoni mwa kitanda na viatu amevaa, kamba amefunga, kisha hajui aende wapi. Kifundo cha mkono wake kilikuwa bado na alama ya weupe pale saa ilipokuwa. Tulikubaliana akiamka hivyo atembee mpaka kwa jirani akakamue ng'ombe. Ndivyo alivyofanya kwa wiki sita mpaka usingizi ukarefuka wenyewe.

Kliniki nimeitaja, na hiyo ni ya wiki hii. Lakini kuna mambo ambayo hayangoji wiki. Maumivu ya mfupa mahali pamoja, kwenye muundi, nyayo au nyonga, yanayouma hata usiku umelala: acha kukimbia siku hiyo na upigwe picha, kwa sababu mifupa isiyo na estrojeni huvunjika kwa ufa mdogo. Mtu yeyote kukupa sindano au kidonge bila kukuandikia jina la dawa hiyo: kataa. Mawazo ya kwamba ingekuwa bora usingekuwepo: mwambie mama usiku huo huo na muende hospitali, msingoje asubuhi. Na kama kocha, meneja au mpenzi anakutisha, anakufuatilia, anashika kadi yako ya benki au amewahi kukupiga, basi usimwage habari ya kuondoka mkiwa wawili tu chumbani. Agnes Tirop aliuawa nyumbani kwake Iten Oktoba 2021, akiwa na miaka 25, na wanariadha wenzake wakaanzisha Tirop's Angels ili msichana aliye kwenye hali hiyo awe na mahali pa kukimbilia. Wapo hapo hapo kwenu. Namba ya bure ya ukatili wa kijinsia ni 1195, inapokelewa usiku na mchana.

Unapokwenda kliniki, beba daftari lako la mazoezi ya miezi miwili iliyopita, tarehe ya hedhi ya mwisho kama unaikumbuka, na karatasi uliyoandika kila ulichokula kwa siku tatu pamoja na saa ulizokula, hata ile chai. Mwombe mama akusindikize. Na harusi ya binamu yako, mwambie kocha unakwenda.